Usubi wa Usambara: Kutoka Mto Zigi hadi Nyuma ya Jicho

Maji yanayofika mabombani katika jiji la Tanga hutoka Bwawa la Mabayani, na bwawa hilo hujazwa na Mto Zigi. Mto huo unaanzia juu kwenye milima ya Usambara Mashariki, katika misitu ya Amani wilayani Muheza, ukateremka kupita mashamba ya chai, iliki na michungwa hadi pwani. Kwa watu wa mjini Zigi ni mto wa neema. Kwa watu wa huko juu pia ni neema, ila vijito vyake vyenye mawe, kasi na kivuli vimekuwa makao ya inzi mdogo mweusi mwenye kibiongo, anayeuma mchana na kuacha tone la damu mguuni. Inzi huyo ni usubi, na ugonjwa anaoueneza umechukua jina lake.

Usubi huanza na mnyoo. Wataalamu humwita Onchocerca volvulus. Jike lake hufikia urefu wa sentimita 30 hadi 50, hujikunja ndani ya kinundu chini ya ngozi na huweza kuishi humo miaka 10 hadi 15. Siku zote hizo huzaa watoto wasioonekana kwa macho, ambao husambaa chini ya ngozi ya mwili mzima. Mgonjwa hujikuna usiku kucha. Ngozi hukunjamana kabla ya uzee, na miundi hupata mabaka meupe. Kisha baadhi ya vijinyoo huingia jichoni: wengine mbele, kwenye kioo cha jicho, wengine nyuma, kwenye retina, ule utando mwembamba unaopokea mwanga na kuupeleka kwenye ubongo kupitia neva ya macho.

Kioo cha jicho kikiharibika kabisa, daktari bingwa anaweza kupandikiza kingine. Seli za retina ya binadamu zikifa hazioti tena, na neva ya macho ikinyauka hairudi. Ndiyo maana historia ya usubi katika milima ya Tanga ni historia ya kuwahi. Kila ushindi uliopatikana dhidi ya upofu huu ulipatikana mtoni, kwenye ngozi na kwenye baraza za nyumba, kabla jicho halijaguswa. Waliosubiri hadi jicho liharibike hawakuwa na la kufanya.

Amani na dawa iliyopofusha

Wajerumani walianzisha taasisi ya baiolojia na kilimo pale Amani mwaka 1902, chini ya uongozi wa Franz Stuhlmann. Shabaha yao kubwa ilikuwa mazao: walijaribu kahawa, kwinini, mpira na mamia ya miti mingine. Lakini maabara yenye hadubini, wasaidizi na hewa ya baridi iliwavutia pia madaktari. Mwaka 1906 Robert Koch, aliyekuwa ametoka kupewa Tuzo ya Nobel mwaka uliotangulia, alipitia Amani akiwa njiani kwenda kupambana na ugonjwa wa malale uliokuwa unaangamiza watu kandokando ya Ziwa Viktoria. Hapo Usambara alifanya uchunguzi wa awali wa mbung'o, kisha akaelekea visiwa vya Sese, Uganda.

Dawa aliyoitegemea Koch ilikuwa Atoxyl, yenye aseniki ndani yake. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu ya kushangaza. Vimelea vilitoweka kwenye damu. Baadaye ugonjwa ulirudi, na yeye akaongeza kipimo. Wagonjwa 22 wakapofuka moja kwa moja, kwa kuwa aseniki ilikuwa imenyausha neva zao za macho. Kipimo kikubwa kiliachwa, lakini hakuna kati yao aliyerudishiwa kuona.

Watu hao wa Sese hawakuwa wagonjwa wa usubi, lakini yaliyowapata yanapaswa kukumbukwa na kila anayeandika historia ya dawa za vimelea Afrika Mashariki, maana kosa hilo lilikaribia kujirudia. Katika miaka ya 1940 tiba mbili zililetwa kwa ajili ya usubi. Suramini, iliyokuwa tayari dawa ya malale, iliua minyoo wakubwa, lakini iliumiza figo na iliweza kudhuru neva ya macho. Diethilikabamazini iliua vijinyoo kwa haraka mno. Vilipokufa kwa maelfu ndani ya ngozi na macho, mgonjwa alivimba, akapata homa na mwasho mkali, na kwa baadhi macho yalizidi kuharibika. Kwa hiyo madaktari walikuwa na dawa mikononi na bado wakaogopa kuzitumia kijiji kizima. Njia iliyobaki ilikuwa kumfuata inzi.

Siri iliyokuwa kwenye gamba la kaa

Mwaka 1926 Donald Blacklock, akiwa Sierra Leone, alithibitisha kwamba vijinyoo hivyo hubebwa na inzi wa jamii ya Simulium. Kwa inzi wa Afrika Magharibi mambo yalikuwa wazi: mabuu yake yalionekana yameshika mawe na majani penye maji ya kasi. Huku Afrika Mashariki kulikuwa na fumbo. Usubi waliouma watu kwenye misitu ya Kenya walikamatwa kwa wingi, lakini mabuu yao hayakuonekana popote. Watafiti waligeuza mawe, wakachambua majani, wakarudi mikono mitupu.

P. C. C. Garnham na J. P. McMahon hawakungoja fumbo lifumbuliwe. Mwaka 1946 walimwaga DDT katika mito ya bonde la Kodera, magharibi mwa Kenya, wakammaliza inzi huyo katika eneo hilo bila kujua anazaliana wapi hasa. Jibu lilikuja mwaka 1950, pale van Someren na McMahon walipomtazama kwa makini kaa wa mtoni. Mabuu yalikuwa yameng'ang'ania mwilini mwake. Usubi wa milimani alikuwa amemfanya kaa kuwa nyumba yake, anahama naye kutoka jiwe hadi jiwe na kula kinachopita majini.

Habari hiyo ilikuwa na maana kubwa kwa Usambara, kwani usubi wa Amani, anayeitwa Simulium woodi, ni ndugu wa karibu wa yule wa Kenya na naye hukulia juu ya kaa wa mito ya msituni. Wakati huo Amani yenyewe ilikuwa inabadilika. Watafiti wa kilimo walihamishiwa Muguga, Kenya, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 majengo yakachukuliwa na kitengo cha malaria cha Afrika Mashariki kilichoanzia Muheza chini ya Daktari Bagster Wilson. Baadaye kazi ilipanuka kufikia magonjwa mengine yanayoenezwa na wadudu, usubi ukiwemo.

Katika miaka ya 1960 John Raybould aliishi na usubi wa Amani kwa namna ambayo watu wachache wameishi na mdudu yeyote. Alitafuta njia ya kumkuza maabara, kazi ngumu kwa mdudu anayetaka maji yanayokimbia muda wote, na mwaka 1967 akachapisha utafiti kuhusu jinsi Simulium woodi anavyouma na kueneza ugonjwa. Pamoja naye alikuwapo Philip Wegesa, aliyechunguza aina nyingine za usubi wa Usambara Mashariki zinazoweza kubeba mnyoo, akaandika mwaka 1970 tathmini ya hali ya ugonjwa huu katika Tanzania nzima, na baadaye akashika uongozi wa taasisi. Kutokana na kazi ya namna hiyo ramani ya usubi nchini ikawa na majina yanayojulikana: Usambara, Uluguru, Mahenge, Ruvuma, Tukuyu. Karibu yote ni maeneo ya milima yenye mito ya kasi.

Majina ya watafiti yamebaki kwenye machapisho. Kazi yenyewe, hata hivyo, ilianzia kwa mtu aliyekaa juu ya jiwe kando ya kijito, suruali imekunjwa hadi magotini. Mtegaji hukaa kimya, macho kwenye miundi yake. Usubi akitua, hamfukuzi. Humwacha atulie, kisha humfunika taratibu kwa kichupa cha kioo na kukiziba. Saa na mahali huandikwa. Jioni vichupa hupelekwa maabara, na kila inzi hupasuliwa kwa sindano mbili ndani ya tone la maji ya chumvi. Kama amebeba ugonjwa, vijinyoo vilivyokomaa hutoka kichwani mwake vikijinyonganyonga chini ya hadubini, tayari kuingia kwa mtu wa pili. Vijana waliofanya kazi hiyo walijiweka hatarini wenyewe, kwa kuwa mguu wa mtu ndio uliokuwa chambo. Elimu ya usubi tuliyo nayo imejengwa juu ya miguu hiyo.

Nyuma ya jicho

Wakati Amani inahesabu inzi, madaktari wa macho walikuwa na fumbo la kwao. Rodolfo Robles wa Guatemala alikuwa ameonyesha tangu mwaka 1915 kwamba vinundu vya ngozi na ugonjwa wa macho vina uhusiano. Mbelgiji Jean Hissette, akifanya kazi kandokando ya Mto Sankuru nchini Kongo, aliandika mwaka 1932 juu ya vijiji vilivyojaa vipofu, akaeleza makovu aliyoyaona nyuma ya macho yao. Mwaka 1945 Mwingereza Harold Ridley, aliyechunguza wagonjwa kaskazini mwa Ghana, alichora makovu hayo kwa undani. Huyu ndiye Ridley ambaye mwaka 1949, katika Hospitali ya St Thomas' jijini London, alipandikiza lenzi ya bandia ya kwanza ndani ya jicho la binadamu, upasuaji ambao leo wazee wa Tanga wenye mtoto wa jicho wanaupata.

Makovu ya mbele ya jicho yalieleweka haraka: kijinyoo kinakufa kwenye kioo cha jicho, mwili unakasirika, ukungu unabaki. Ya nyuma yaliwatatiza. Kwa baadhi ya wagonjwa retina iliendelea kuharibika hata baada ya vijinyoo kupungua mno au kutoweka, na tiba haikusimamisha makovu yaliyokwisha kuanza. Adui ameondoka, nyumba bado inaungua.

Jibu moja lilitoka kwenye maabara za vinasaba. Watafiti walichukua kinasaba cha mnyoo, wakakipandikiza ndani ya bakteria, na bakteria wakazalisha protini moja safi ya mnyoo iliyoitwa Ov39. Mwaka 1991 Gabriele Braun, Norman McKechnie na wenzao walitangaza jambo lisilotarajiwa: kingamwili zilizoitambua protini hiyo ya mnyoo ziliitambua pia protini iliyomo kwenye tabaka lenye rangi lililo nyuma ya retina ya binadamu. Mwaka 1995 Braun, McKechnie na Gürr waliitoa protini hiyo ya binadamu, wakaitengeneza kwa njia ileile ya kupandikiza kinasaba ili waichunguze ikiwa peke yake. Waliipa jina hr44, na walionyesha kuwa imo pia kwenye neva ya macho.

Jaribio la mwaka 1997 lilikwenda mbali zaidi. Panya walichanjwa, baadhi kwa Ov39 ya mnyoo, baadhi kwa hr44 ya binadamu. Macho yao yalipata madhara, na seli za ulinzi ndani ya retina zikaamka, ingawa hakukuwa na mnyoo hata mmoja mwilini. Kwa hiyo mwili unaojifunza kumshambulia mnyoo unaweza kujikuta unashambulia retina yake wenyewe, kwa sababu protini hizo mbili zina sehemu zinazofanana. Hii si sababu pekee ya upofu wa usubi. Vijinyoo vinavyokufa ndani ya jicho huleta uvimbe, na bakteria wa Wolbachia wanaoishi ndani ya mnyoo huuchochea uvimbe huo. Lakini hr44 ilieleza kwa nini uharibifu wa nyuma ya jicho unaweza kuwa na mwendo wake wenyewe.

Wazo hilohilo lilirudi mwaka 2017, safari hii kuhusu ubongo. Watafiti waliochunguza watoto wa Uganda na Sudan Kusini wenye ugonjwa wa kusinzia kichwa walipata kingamwili dhidi ya leiomodini-1, protini ya binadamu ambayo kingamwili zake huitambua pia protini ya mnyoo wa usubi. Watanzania wanaufahamu ugonjwa huo kutoka Mahenge, ambako daktari Louise Jilek-Aall alianzisha kliniki ya kifafa mwaka 1960 na kuona watoto waliokuwa wakiinamisha vichwa mara kwa mara. Bado wataalamu wanajadiliana kuhusu nafasi ya protini hiyo. Kinachokubalika ni kwamba penye usubi mwingi kifafa nacho huwa kingi, na kwamba kumzuia mnyoo ni kumkinga mtoto.

Ufito wa kupimia na vidonge vinne

Dawa iliyobadili mambo ilitoka kwenye udongo wa Japani. Satoshi Ōmura alikusanya bakteria wa udongo kutoka eneo la Ito, na William Campbell katika kampuni ya Merck nchini Marekani akaonyesha uwezo wao wa kuua minyoo ya wanyama. Hapo ikapatikana ivermectin, iliyojaribiwa kwa wagonjwa wa usubi nchini Senegal mwaka 1981. Tofauti na diethilikabamazini, yenyewe hupunguza vijinyoo kwa upole, kiasi kwamba inaweza kugawiwa kijiji kizima bila kuumiza macho. Mwaka 1987 Merck iliahidi kuitoa bure kwa muda wote itakaohitajika kumaliza usubi. Ōmura na Campbell walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015.

Ahadi ya bure haifikishi kidonge Amani. Mwaka 1995 ulianzishwa mpango wa Afrika wa kudhibiti usubi, APOC, uliowaachia wanajamii wenyewe kuchagua wagawa dawa wao. Mwishoni mwa miaka ya 1990 na kuingia miaka ya 2000, Mahenge, Ruvuma, Tukuyu na Tanga zote zikawa ndani ya mpango huo. Mgawa dawa hahitaji mizani. Ana daftari, kopo la vidonge na ufito uliotiwa alama. Mtu husimama wima, ufito ukawekwa kando yake. Aliyefika sentimita 90 humeza kidonge kimoja, kuanzia 120 viwili, kuanzia 141 vitatu, na kuanzia 159 vinne. Mtoto asiyefika alama ya kwanza, mjamzito, mama aliyejifungua ndani ya wiki hiyo na mgonjwa mahututi hawapewi. Jina huandikwa daftarini, maji huletwa, dawa humezwa papo hapo.

Pwani nayo ilipata faida yake. Kuanzia mwaka 2004 mkoa wa Tanga uligawiwa ivermectin pamoja na albendazole kwa ajili ya matende na mabusha, magonjwa yaliyowatesa kwa vizazi wavuvi na wakulima wa Pangani, Muheza na vijiji vya ukanda wa bahari. Mvuvi wa Pangani na mchuma chai wa Amani wakawa wanameza kidonge kilekile, mmoja kwa sababu ya mbu, mwingine kwa sababu ya usubi. Watu wakaizoea kazi hiyo kwa jina la kingatiba.

Ivermectin ina kikomo chake, na kikomo hicho kinapaswa kuelezwa waziwazi kila kingatiba inapopita. Huua vijinyoo, lakini haimuui mnyoo mama. Humzuia kuzaa kwa miezi kadhaa, kisha huanza tena. Kwa kuwa mama huyo huweza kuishi hadi miaka 15, ugawaji lazima uendelee kila mwaka hadi minyoo yote izeeke na kufa, na angalau watu 80 kati ya kila 100 wameze. Kijiji kikilegea, vijinyoo hurudi kwenye ngozi, usubi huvichukua humo anapouma, na kazi huanza upya.

Wapo waliofika mwisho wa safari hii. Guatemala, nchi ya Robles, ilithibitishwa kutokomeza usubi mwaka 2016, baada ya Colombia, Ecuador na Mexico. Mwezi Januari 2025 Niger ikawa nchi ya kwanza ya Afrika kuthibitishwa. Uganda, yenye usubi wanaoishi juu ya kaa kama wa Usambara, iliamua mwaka 2007 kuacha kudhibiti na kuanza kutokomeza. Ikagawa dawa mara mbili kwa mwaka na kutia viuadudu mitoni, na katika maeneo yake kadhaa maambukizi yamekoma. Mto wenye kaa, kwa hiyo, unaweza kusafishwa.

Kwa Tanga ombi ni moja. Mgawa dawa akifika Amani, Bumbuli, Korogwe au Muheza na ufito wake, asimame mbele yake kila anayestahili: kijana asiyejikuna, mwenye duka aliyehamia juzi, na mzee anayeamini kwamba umri wake umepita. Na mwenye kinundu kisichouma chini ya ngozi, mwasho usiokwisha au macho yanayofifia pembeni aende kituo cha afya mapema, wakati retina yake ingali nzima.